Mashapo

Kizibo kinakatikia shingoni. Mjomba Odet anatema laana ya Kigaskoni,
anakidukua kipande kilichobaki kwa kisu cha mfukoni
kama mtu atoaye mwiba katika unyayo wa mtoto.
Chupa haina karatasi. Panya wa ghalani waliitafuna zamani.
Iliyobaki ni chaki ya mama kwenye rafu: 78, na msalaba,
maana yake, msiiguse.

Jana tulitia saini. Changarawe yote, toka barabara ya kanisa
hadi pale linapoanza kunuka tope la Gironde,
sasa ni mali ya kampuni ya bima ya Paris.
Leo hakuna wa kutukataza.

Namimina taratibu, mshumaa nyuma ya shingo ya chupa.
Rangi: tofali lililonyeshewa usiku kucha.
Ukingoni imechujuka, chai iliyosahauliwa dirishani.
Nainusa. Hakuna kitu.
Kipo: zizi. Zizi la farasi aliyekwisha kuuzwa.
Binti yangu Maylis anakunja pua. "Imekufa, mama."
Ngoja, nasema. Aliyelala miaka arobaini na mitano
humwamshi ukamdai salamu papo hapo.

Supu inapakuliwa. Mkataba hautajwi.
Kisha, bila hodi, bilauri inafunguka:
kwanza penseli, imechongwa sasa hivi,
mwerezi na risasi yake, dawati langu la darasa la pili;
halafu tumbaku ndani ya koti la baba,
uyoga uliovunjwa kwa mkono, ngozi ya hatamu,
na chini kabisa, naona haya kulisema, damu,
tone tu, kama unaponyonya kidole
kilichokatwa na mkasi wa kuvunia.

Funda la kwanza nalikalisha ulimini.
Ule ukakasi mama aliokuwa akiulaani
("utawang'oa wajukuu meno")
umelainika, umekuwa kitambaa kilichofuliwa mara mia
hata hujui tena kama kilikuwa pamba au katani.
Plamu ipo, imenyauka, imekunjamana,
utamu wake umehama, unangoja nyuma ya koo,
unakuja ukishameza,
kama mgeni aliyefika mlangoni ndipo akakumbuka
jambo lililomleta.

Mwaka ule jua lilichelewa. Baba alivunjika mguu,
mama akavuna Oktoba nzima na mimba ya Gauthier,
tumbo likimtangulia kati ya mistari ya mizabibu.
Mimi nilibeba ndoo. Nilichukia kila kichala.

Dakika ishirini. Labda ishirini na tano.
Hakuna aliyegusa simu. Maylis amefumba macho.
Odet anasema neno moja, "Yeye,"
nasi hatumuulizi nani.

Gauthier anafika kutoka Angoulême, amechelewa saa nzima,
foleni darajani, nywele zimelowa.
Namimina iliyobaki. Anaonja.
Naijua sura ile, maana nami nimerudia bilauri yangu:
siki, na kutu ya bomba. Tunda limekwenda zake.
"Hii ndiyo mliyokuwa mkiificha?"

Nani amweleze? Na kwa maneno gani,
yeye ambaye peke yake katika meza hii
alikuwemo ndani ya tumbo lile?

Odet anaivuta chupa. Vidole viwili vya mashapo,
meusi, mazito kama udongo baada ya kwato.
Anayamwaga yote katika bakuli la Gauthier,
juu ya supu iliyobaki, ingali moto,
walivyofanya wazee wa huku kabla ya kurudi shambani.
"Mikono miwili," anaamuru. "Usipumue."

Gauthier analiinua. Bakuli linamfunika uso wote.
Tunamsikia akimeza, moja, mbili, ya tatu ndefu.
Analishusha, masharubu mekundu,
ananyamaza,
kisha anauliza kama kuna mkate.